Chawa Hastahili Tusi Hili

Siku hizi Dar es Salaam mtu akimsifia bosi kupita kiasi, akimbebea mkoba na kuangua kicheko kabla mzaha haujaisha, huitwa chawa. Nimelivumilia jambo hili muda mrefu. Leo nasimama kumtetea mwenye jina, na namtetea yule wa kuku, kwa kuwa ndiye aliyeonewa zaidi.

Mshike tetea anayejidonoadonoa, mlaze ubavu, mpulizie manyoya chini ya mkia. Utaona vidude vya rangi ya majani makavu, milimita tatu kwa urefu, vikitimua mbio kutafuta giza. Kwenye mashina ya manyoya kuna mayai yao, yameshikana kama sukari iliyolowa. Wengi huishia hapo wakakimbilia majivu. Hasara ni yao.

Maana huyu ni kiumbe wa kupigwa picha, tena si picha ya simu. Ili aonekane kwa hadubini ya elektroni, hukaushwa, akapakwa utando mwembamba wa dhahabu, akawekwa kwenye chumba kilichotolewa hewa. Ni mabibi harusi wangapi wa pwani waliovishwa dhahabu kuanzia utosini hadi kwenye kucha?

Picha ikitoka, uzuri huwa bayana. Kichwa ni kipana kuliko kifua, na chini yake zimejificha taya mbili za kukatia manyoya. Vipapasio amevikunja ndani ya vijifereji pembeni mwa kichwa, kama abiria mstaarabu aliyekunja mwavuli ndani ya daladala iliyojaa. Mwili ni bapa, kana kwamba umepigwa pasi, upate kupenya palipobana. Nywele ngumu zimepangwa safu kwa safu mgongoni. Miguu sita, na kila mmoja una kucha mbili za kushikilia unyoya, kuku apige mbawa atakavyo. Mabawa yeye hana. Ya nini, na nauli halipi?

Binamu yake wa njiwa, Columbicola columbae, amekonda kama njiti. Hulala katikati ya nyuzi za unyoya wa bawa, na mdomo wa njiwa ukipita kumtafuta humkosa. Dume wake ana vipapasio vinene vya kumshikia jike. Tena hata maji chawa hawa hawamdai mwenyeji: hunasa mvuke wa hewani kwa kifaa kilichomo kinywani.

Dosari anazo. Kuku mwenye chawa wengi hukosa raha, hukonda, na mayai hupungua. Wapo pia wanaotafuna unyoya mchanga hadi damu itoke, wakaionja. Ila tusimbebeshe na makosa ya utitiri. Huyo ana miguu minane, hunyonya damu usiku, na kukipambazuka huwa amejificha kwenye nyufa za banda. Chawa hashuki kazini. Huzaliwa, huoa na hufa juu ya kuku. Ukimtoa hapo, hamalizi siku nyingi.

Kama unataka ushahidi wa uaminifu, uko Marekani. Mwaka 1987 kondori wa mwisho wa California aliyekuwa porini alikamatwa, ili jamii hiyo ya ndege wakubwa wala mizoga izalishwe kwenye mabanda, isitoweke. Ndege walisafishwa kwa dawa. Walikuwa na chawa wao, Colpocephalum californici, asiyejua kuishi kwa ndege mwingine. Leo kondori wameongezeka na wanaruka tena. Chawa wao hajaonekana tangu hapo.

Sasa mtazame huyu wetu wa mjini. Bosi akitumbuliwa asubuhi, jioni ameshabadilisha picha ya wasifu na kumpongeza anayeingia. Huyo arudishiwe jina lake la zamani, mpambe. Hili la chawa lina mwenyewe.