Saruji Inapanda Meli, Mimi Napanda Probox

Mpwa wangu amenogewa na Antaktika. Tangu aone kwenye simu meli inayopasua barafu, hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura, hatusikii kingine: atakwenda kwenye kituo cha watafiti, tena kwa meli. Mtoto huyuhuyu asubuhi za mwezi wa saba anavaa sweta na kukumbatia kikombe cha chai kama mgonjwa.

Mimi baridi hainihusu. Kinachonikera ni hiyo meli. Kule hakuna mtaa, hakuna soko, hakuna hata mtu wa kumdai, lakini meli inafika. Wabelgiji walijenga kituo huko mwaka 1958, wakakiita kwa jina la Mfalme Baudouin, wakati huo bado wanatutawala sisi. Mwaka 2009 wakafungua kingine, Princess Elisabeth, kinachoendeshwa kwa upepo na jua. Na huko jua likiamua kupotea, linapotea wiki nzima nzima! Sisi jua linatubabua mwaka mzima, na jana ndagala nimewala kwa tochi ya simu.

Mtasema Bujumbura haina bahari. Ziwa je? Tanganyika ina urefu wa zaidi ya kilomita 650 na kina cha mita 1,470. Hakuna meli itakayokwaruza tumbo. Wajerumani waliileta Graf von Götzen ikiwa vipande ndani ya masanduku, kutoka Papenburg mpaka Dar es Salaam, kisha wakaisafirisha hadi Kigoma wakaiunga. Ikashushwa majini 1915, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wazee wa hapa wanakumbuka ikitia nanga bandarini kwetu.

Siku hizi nikitaka kumwona shangazi Kigoma, saruji inapishana nami ziwani ikiwa imejinyoosha melini. Mimi niko barabarani, kwenye Probox, nyuma tumekaa wanne na kuku. Kwanza tunapanga foleni ya mafuta. Kisha Rumonge, Nyanza-Lac, Mabanda, ziwa likimeta kuliani muda mrefu wa safari, kiwiko cha jirani kikiwa mbavuni mwangu. Dereva akiona abiria njiani anasema, "Sogeeni kidogo, wazee." Tusogee wapi?

Ili kumpoza mpwa, nikamsimulia habari za Belgica, meli ya Adrien de Gerlache. Mwaka 1898 ilinaswa na barafu huko kusini, ikakaa humo mwaka mzima na zaidi. Mabaharia wakashikwa na kiseyeye, ufizi ukavimba, mpaka daktari wao, Frederick Cook, akasisitiza wale nyama ya sili na pengwini. De Gerlache mwenyewe, mwanzoni, nyama hiyo hakutaka hata kuisikia.

Mpwa akafikiri kidogo.

"Mjomba, walikula na ugali au na ndizi?"

Dada yangu akadakia kutoka jikoni: "Kaka, muulize vizuri huyo. Hapa hata kichwa cha mukeke hali."