Friza ya Elfu Themanini

Ningejua kwamba friza ingeniharibikia mwezi wa tano, ningeaga vizuri.

Kuaga kwenyewe kulitokea hapa Morogoro mjini, katika duka la vifaa vya umeme ambalo juu ya mlango wake pameandikwa kwa herufi nyekundu kwamba ni wakala wa kampuni fulani ya mafriza. Niliingia saa nne asubuhi, nikatoka saa sita na robo. Katika muda huo mwenye duka alinifungulia friza nne, akanifafanulia tofauti ya lita 150 na lita 200, akaisogeza moja kutoka ukutani ili nione kompresa, kisha akamtuma kijana aniletee soda baridi, nami nikainywa yote. Mwisho akataja bei: shilingi 720,000, na mazungumzo yapo. Badala ya kuzungumza, nikasimama na kusema, "Ngoja nikajipange."

Kwa Kiswahili cha dukani maana yake ni kwamba hunioni tena, na hakuna mwenye duka asiyeijua maana hiyo. Ningeishia hapo ingekuwa heri. Nilipofika mlangoni nikageuka, nikaongeza kwamba Kariakoo kitu hichohicho hakifiki laki sita, kwa hiyo labda yeye anauza pamoja na Milima ya Uluguru.

Nikaenda Kariakoo. Wanasema jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliolibebea mizigo jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na siku ile niliamini kwamba kikosi hakijavunjwa, kimebadilisha sare tu. Friza niliipata kwa shilingi 580,000, baada ya makubaliano madogo na muuzaji ambayo nitayaeleza nikilazimika. Ikapanda mkokoteni, ikapanda kirikuu hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi, na pale konda akaipima kwa macho, kisha akapima buti ya basi.

"Mzee, ikisimama haiingii. Ikilala inaingia."

Ikalala.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si wa hesabu, lakini hesabu hii niliifanya usiku uleule nyuma ya daftari la mahudhurio. Nauli ya kwenda na kurudi 24,000. Mkokoteni 10,000. Kirikuu 30,000. Basi kuibeba friza 30,000. Guta kutoka Msamvu hadi kwangu Kihonda 8,000. Wali maharage, kwa sababu ushindi nao una njaa yake, 6,000. Jumla 108,000. Kati ya zile laki na arobaini nilizookoa, nilikuwa nimebaki na faida ya elfu 32, na faida hiyo niliitangaza stafurumu kwa wiki nzima kana kwamba nimerudi Makka.

Miezi minne mke wangu aliuza barafu za ubuyu na za ukwaju, na joto la Morogoro likamfanyia matangazo bure. Mwezi wa tano barafu zikaanza kuwa uji. Friza ilinguruma usiku kucha kama paka aliyeshiba, ila haikugandisha hata kope. Jirani akamleta fundi wa mtaani, kijana mwenye bisibisi moja na ujasiri wa watu kumi. Nilitoka chumbani nikamkuta ameinamia mgongo wa friza, anabandua stika ndogo iliyoandikwa kwamba ikitoka, waranti imekwisha. Nikapiga ukelele ambao nilikuwa nimeuhifadhi kwa ajili ya nyoka. Kijana akaacha. Stika ilikuwa imebaki nusu.

Nikampigia muuzaji wa Kariakoo. Alikuwa mkunjufu ajabu.

"Waranti ipo, mzee wangu, mwaka mzima! Ilete tu."

Nikamwambia niko Morogoro, kilomita kama 190.

"Basi usisumbuke. Waranti si ya kwangu, ni ya kampuni, inatambulika nchi nzima. Nenda kwa wakala wa huko huko."

Wakala wa huko huko alikuwa mmoja tu.

Siku tatu nilizunguka. Nilifikiria kumtuma mke wangu, akanitazama tu. Nilifikiria kumtuma mwanafunzi, nikaogopa mkuu wa shule. Mwishowe nilikwenda mwenyewe, nimevaa kofia ya pama na barakoa ambayo sikuwa nimeivaa tangu enzi za korona. Nilivuka kizingiti hatua mbili. Yule bwana akainua macho kutoka kwenye kikokotoo chake.

"Karibu, Mwalimu," akasema kwa upole. "Umeshajipanga?"

Nikavua barakoa, maana ilikuwa inanipunguzia hewa bila faida yoyote.

Nilimweleza shida yangu kwa Kiswahili sanifu, chenye heshima zote. Alisikiliza, akavuta daftari. "Sawa. Nitajie siriali namba."

Sikumsikia vizuri. Nikasogea karibu, nikamwambia, kwa upole vilevile, kwamba namba ya siri huwa simpi mtu yeyote, hata benki wametuonya.

"Ya friza, Mwalimu. Siriali. Iko mgongoni mwake."

Vijana wake wawili wakapata ghafla kazi ya kufanya nyuma ya televisheni.

Kesho yake nikapakia friza kwenye guta, safari hii imesimama wima kama bwana harusi. Akaipiga picha namba, akaituma makao makuu, na jibu likarudi kwamba friza ni ya kwao kweli, iliingia nchini kwa mlango wao na kukabidhiwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Nilishangilia. Angenijibu kwamba imepenya kutoka Dubai kwa njia za watu, tungeagana pale pale, maana ahadi ya kampuni huishia mahali bidhaa yenyewe ilipokusudiwa kuuzwa. Lakini mwenye duka alikuwa anaifumua furaha yangu polepole, kama mtu anayevuta uzi.

"Hii stika vipi?"

"Watoto."

"Wana bisibisi?"

Nikatazama barabarani.

"Uliisafirishaje kutoka Dar? Imesimama au imelala?"

"Ililala kidogo."

"Kulala kidogo ndiyo nini? Ilisinzia?"

Akanieleza, bila haraka, jambo ambalo nakumbuka alishalieleza siku ile ya soda: ndani ya kompresa mna mafuta, friza ikilazwa yanatiririka kwenye mabomba ya gesi, na ukifika nyumbani unaiacha imesimama masaa kadhaa kabla ya kuiwasha. Mimi niliiwasha kabla dereva wa guta hajahesabu chenji.

"Haya, risiti."

Risiti ilikuwa ndani ya bahasha, ndani ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kwenye herufi W kwa ajili ya waranti. Niliitoa kwa mbwembwe. Ilikuwa nyeupe. Si nyeupe ya kufifia, nyeupe ya pamba. Karatasi za mashine za EFD hazina wino, maandishi yake ni joto lililochoma dawa iliyopakwa juu ya karatasi, na joto la bati la Kihonda likishakaa nayo miezi mitano, dawa huchoka na kusahau. Serikali imetufundisha kudai risiti. Sehemu ya pili ya somo, ya kuitoa kopi siku hiyohiyo, nadhani ilikuwa kipindi cha mwisho Ijumaa, na wengi tulishatoroka.

Shemeji yangu mmoja, ambaye ni wakili, akaniambia kwa simu kwamba risiti za namna hiyo huamka zikipashwa joto kwa nyuma. Nikarudi nyumbani nikawasha pasi, moto wa hariri, nikaipitisha mara moja. Karatasi ikageuka nyeusi kama eksirei, na katikati ya weusi ule herufi zikatokea nyeupe, moja moja, jina la duka, tarehe, saa. Nilimwita mke wangu aje aone elimu. Akaja, akasoma hadi chini, akauliza kwa sauti ndogo:

"Baba, friza tulinunua elfu themanini?"

Hapa nimelazimika. Yule muuzaji wa Kariakoo aliniambia kwamba akiandika bei kamili kodi itammaliza, kwa hiyo tuandike kidogo naye atanipunguzia kidogo. Nami, mwalimu wa watoto wa watu, nikaona hiyo ni busara ya kibiashara. Sasa nilikuwa na ushahidi wa serikali kwamba nimenunua friza ya lita 200 kwa bei ya pasi na feni.

Shemeji, nilipompigia tena, alicheka kwanza, akatulia, akanipa sheria. Kumbe mnunuzi ana ahadi mbili. Moja ni ya muuzaji aliyepokea fedha yake, na hiyo sheria za mauzo zinamfunga yeye na si jirani yake. Nyingine ni ile kadi ya kampuni, ambayo ni hiari yao kuitoa, ila wakishaitoa wanabanwa nayo. Akataja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu nzima za kumlinda mlaji, akasema naweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani. "Ila hiyo risiti yako," akaongeza, "mimi nisingeipeleka mahali penye watu wa serikali."

Nikarudi dukani na karatasi yangu nyeusi. Mwenye duka aliisoma, akaiweka juu ya meza taratibu, akaomba maji ya kunywa. Nilipoona mambo yanakuwa mabaya nikajaribu kuwa mkali. Nikamwonyesha maandishi mekundu juu ya mlango wake.

"Umeandika wakala."

"Nimeandika wakala, Mwalimu. Sikuandika mjomba."

Kisha akavuta kiti, akaniambia mambo ambayo hayamo kwenye kadi. Kazi ya waranti kampuni humlipa, lakini humlipa kwa kiwango chao, kidogo kuliko anachomtoza mtu wa kawaida, na hulipa wanapojisikia. Spea lazima aombe Dar, zikija hazilingani, aombe tena. Fundi wake ni mmoja, na akiwa kwenye friza yangu hayuko kwenye friza ya mtu aliyenunua hapa. "Anayenunua kwangu, ile faida yake ndiyo inayomlipia siku ya ugonjwa. Wewe mahari ulipeleka kwingine. Mtoto anaugua, unaniletea mimi."

Nilitaka kumjibu, nikakosa. Mpaka leo naona alikuwa sahihi, nami nilikuwa sahihi vilevile, kwa sababu kadi inasema nchi nzima na Morogoro imo nchini. Aliyetupiga chenga sote wawili ni yule aliyeichapisha kadi. Ameahidi kwa herufi nzuri za bluu, akapanga kwamba ahadi hiyo itimizwe na mtu mwingine, kwa muda wa mtu mwingine, halafu akatuacha tugombane juu ya soda ya miezi mitano iliyopita.

Pengine ni ukimya wangu uliomlegeza, au alichoka kuniona. Alikubali. Friza ikakaa kwake wiki tatu, nami nikawa napita kila jioni kuijulia hali kama mgonjwa wa wodini. Fundi akakuta bomba moja jembamba linavuja gesi. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya kule kusinzia. Akasema inawezekana, na inawezekana siyo, friza haisemi. Ufundi ulikuwa bure, kama kadi ilivyoahidi. Gesi, kwa herufi ndogo kabisa upande wa nyuma, ni juu ya mteja: 45,000. Guta kwenda na kurudi 16,000. Ile faida yangu ya elfu 32, ambayo stafurumu bado wananiulizia, ikawa hasara ya elfu 29.

Siku ya kuichukua, fundi alinishauri nisiiwashe tena bila stabilaiza, maana umeme wa Kihonda hukatika na kurudi kwa kishindo. Zilikuwepo tatu pale rafuni. Nikachagua ya katikati, nikauliza bei. Mwenye duka akataja 95,000. Najua kabisa Kariakoo zinauzwaje, na nilihisi ulimi ukijipanga wenyewe mdomoni. Nikatoa fedha, noti kwa noti, nikamwomba risiti ya bei kamili, kisha nikauliza kama pana mahali pa kutoa kopi hapo jirani.

Alizihesabu noti mara mbili. Kijana akanisogezea soda, sikuiagiza.

"Una hakika, Mwalimu?" akasema mwenye duka. "Huendi kujipanga kwanza?"