Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Picha ya karatasi ilinifikia WhatsApp asubuhi moja kutoka Muleba: alama 4 kati ya 15. "Pole mjomba," mpwa wangu aliandika chini yake. Yuko kidato cha nne, zoezi la Kiingereza ni lake, ila hotuba niliitunga mimi, mtu mzima wa Bukoba, Mhaya ambaye nchi nzima humtania kwa kupenda Kiingereza.

Swali lilisema: washawishi wanakijiji wenzako wang'oe migomba yenye mnyauko. Mnyauko naujua. Uliripotiwa Muleba mwaka 2006, na hauna dawa. Nyuki anatua kwenye ua dume la mgomba mgonjwa, analamba utomvu, anahamia kwa jirani na bakteria miguuni. Panga nalo hufanya kazi hiyohiyo, tena kwa bidii zaidi. Kwa hiyo ua dume unalivunja kwa kijiti chenye panda, na panga unalipitisha motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ukipasua ndizi iliyougua unakuta nyama yake ina madoa ya kahawia. Mbuzi mwenyewe anainusa kwanza. Yote niliyaandika. Nikamweka hata mama yangu, anayekataa kung'oa chochote kwenye kibanja alimozikwa baba.

Wino mwekundu haukugusa mnyauko. Ulisema salamu hazijakamilika. Kumbe anatangulia mgeni rasmi, afuate mkuu wa shule, walimu, wazazi, wanafunzi wenzangu, halafu mabibi na mabwana, kila mmoja na mkato wake. Jukwaani wakubwa husema "itifaki imezingatiwa" wakaendelea. Mtoto wa kidato cha nne hana ruhusa hiyo.

Na wanakijiji wenyewe wanashawishiwa kwa Kiingereza! Binti huyu shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, nyumbani anaongea Kihaya, na kwa Kihaya hicho anaweza kumtoa nyoka pangoni. Hakuna anayempa alama kwa hilo.

Zoezi jingine, barua ya kuomba kazi, tulipata 12. Anwani zilikaa vizuri.

Hotuba ya pili ameiandika mwenyewe: nusu ukurasa salamu, mistari mitatu migomba. Alama 13. Amemsomea bibi yake, akamfafanulia kwa Kihaya tangu mwanzo. Bibi ameshika jambo moja tu, kwamba kuna mgeni anakuja. Ameuliza atakula nini, kisha akaagiza aletewe panga akate mkungu.