Jiji la Madaktari

Mimi na Corona yenyewe tulishamalizana. Kinyongo changu kiko kwa madaktari. Siwasemi wale waliosomea Muhimbili. Hao wana kazi zao, na mwandiko wao sijawahi kuusoma hata ningetaka kuwalaumu. Nawasema madaktari wa Dar es Salaam waliohitimu ndani ya daladala.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na alikuwa Arusha huko. Kufika magharibi, Tandika nzima ilishapata shahada ya udaktari. Kinyozi wangu, ambaye kwa miaka tisa ameshindwa kuniondolea mba, alinieleza kinagaubaga kirusi kinaingiaje kwenye pafu, kwa kutumia kitana kama fimbo ya mwalimu. Mangi wa dukani akaniagiza ninywe maji ya moto kila baada ya robo saa ili kirusi kiteremke tumboni kikafie huko. Nilikunywa siku mbili. Usiku niliamka mara saba, na si kirusi kilichokuwa kinaniamsha.

Shule zikafungwa, watoto wakarudi nyumbani, na kila mlango ukasimamishiwa ndoo yenye bomba. Maji tiririka! Wiki ya kwanza ndoo ilikuwa na maji na sabuni ya maji. Wiki ya tatu sabuni ilikuwa kipande cha mche kilichofungwa kamba kama mbuzi. Baadaye maji yakakauka, ila mlinzi aliendelea kukuzuia mpaka ufungue bomba la ndoo tupu, ukafikiche mikono hewani, ndipo akuruhusu upite. Nimewahi kunawa hewa mara nne kwa siku moja.

Kisha ikaja level siti: daladala isipakie abiria wa kusimama. Konda aliyenisukuma maisha yangu yote akiniambia nisogee nyuma kuna nafasi, huku nyuma kuna makwapa matupu, sasa akawa ananiambia kwa upole, “Level siti tu, mzee.” Ndani kwenyewe ilikuwa raha, sikatai. Tatizo lilikuwa kuingia. Siti zilikuwa chache na watu ni walewale, kwa hiyo ili tusibanane ndani tulibanana mlangoni. Nilipigwa kiwiko cha mbavu na mama mmoja aliyevaa barakoa mbili. Kwa kweli alikuwa anajikinga.

Sasa hapo ndipo nyungu ikashika hatamu. Rais John Magufuli mwenyewe alitushauri tujifukize, na tangazo la namna hiyo kwa mama mkwe wangu ni sawa na kukabidhiwa wizara. Alihamia kwetu na gunia la majani: mpera, mwarobaini, mkaratusi, mchaichai. Kariakoo tangawizi na malimau yakapanda cheo. Mwezi Mei Rais akatueleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara na majibu yakaja kuwa vina Corona. Mama mkwe alilitazama papai letu mezani, akalihamishia nje. Mbuzi hatukuwa naye.

Hesabu rasmi ikasimama palepale: wagonjwa 509, vifo 21. Ilikaa hivyo zaidi ya mwaka. Mimi nina deni kwa Mangi ambalo nimeliombea lisimame namna hiyo, halijanisikia. Mtaani, lakini, hesabu haikusimama. Mwanzoni mwa 2021 turubai la msiba lilikuwa likikunjwa kwa huyu linafunguliwa kwa yule, na ukiuliza marehemu alikuwa na nini, unaambiwa kwa sauti ya chini, “Changamoto ya upumuaji.” Hapo tu ndipo madaktari wetu walipokosa la kusema. Kinyozi alinyoa wiki nzima bila kutibu mtu.

Machi hiyo Magufuli akafariki, Mama Samia akaapishwa, akaunda kamati ya wataalamu, na upepo ukageuka. Tarehe 28 Julai 2021 alikunja mkono Ikulu, akachanjwa mbele ya kamera. Dozi zilizokuwa zimefika ni 1,058,400 za Janssen, sindano moja tu umemaliza. Nikapiga hesabu: nchi ina watu kama milioni 60, dozi milioni moja na kidogo. Nikajisemea, foleni hii itaanzia Posta itaishia Chalinze.

Foleni haikutokea. Madaktari walikuwa kazini.

Kijana wa bodaboda alinionyesha kwenye simu mtu aliyechanjwa, begani amebandikwa sarafu, inanata. Nikamwambia mimi kwa miaka 53 sijawahi kunatwa na sarafu. Kama chanjo inafanya hivyo, nipelekwe haraka. Jirani akaja barazani kunionya kwamba sindano ile inamaliza nguvu za kiume. Mama watoto alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua. Akauliza, “Zipi?”

Mama mkwe ndiye aliyefunga mjadala. “Gwajima kasema.” Nikamuuliza Gwajima yupi, maana Askofu Gwajima, mbunge wa Kawe, alikuwa anawaambia watu wasichanje, na Waziri wa Afya, Dokta Dorothy Gwajima, alikuwa anawaambia wachanje. Akanitazama kwa huruma. “Wewe msikilize huyohuyo.” Mpaka leo sijui alikuwa na maana ya nani.

Mimi kwa umri wangu nilikuwa kwenye kundi la kwanza la kuchanjwa, kwa hiyo nilikaa nikingoja. Nilikuwa namsubiri mtu mmoja tu anikataze kwa hoja inayoeleweka. Hakupatikana, na aliyenishawishi kwa hoja inayoeleweka hakupatikana pia. Serikali ilipoona tumekaa vibarazani tunashauriana, ikaanzisha mpango ulioitwa shirikishi na harakishi: wewe huendi kwenye chanjo, chanjo inakufuata. Ikatufuata sokoni, stendi, hata nyumba za ibada.

Mimi ilinikamatia kwenye dagaa. Niko sokoni na mfuko wangu, nesi mmoja mdogo kama binti yangu akaniita kutoka kwenye hema. “Shikamoo baba. Umeshachanja?”

“Marahaba. Nina dagaa, mwanangu.”

“Dagaa washakufa, baba, hawana haraka. Karibu ukae.”

Nikakaa. Miezi kumi na nane ya ushauri wa kinyozi, Mangi, bodaboda, jirani na wabunge, ikamalizwa na shikamoo moja na kiti cha plastiki. Sikuhisi hata sindano. Akaniandikia kadi kwa peni ya bluu, nikaitia mfuko wa shati karibu na moyo, nikaenda nyumbani nimevimba kichwa.

Usiku homa ikaja. Nesi alishaniambia itakuja na itaondoka, ila hilo huwezi kumwambia mama mkwe aliyengojea tangu 2020 mgonjwa wa kwake mwenyewe. Alikuwa na sufuria jikoni kabla sijamaliza kutetemeka. Nikaketishwa kwenye kigoda, nikafunikwa blanketi mbili na mkeka juu, nikapigwa nyungu ya kisasa kabisa: Janssen ndani, mpera nje. Nilitoka humo mwepesi kama nyoya. Nilitoka pia na shati langu, na kadi yangu mfukoni.

Niliikumbuka mwaka 2022, tulipopata harusi ya mpwa wangu Mombasa na nikaambiwa mpakani wanataka cheti cha chanjo, la sivyo ulipie kipimo. Nikaitoa kwenye kabati. Jina langu lilikuwa limegeuka Ziwa Viktoria. Tarehe haipo. Sahihi ya nesi imeteremka hadi ukingoni ikaning’inia.

Nikaipeleka kituoni. Foleni ilikuwepo safari hii, na kila aliyepanga alikuwa na maoni: mmoja alinishauri nichanje tena, mwingine niianike juani, wa tatu nisafiri usiku. Nilipofika dirishani, nesi, mama mtu mzima mwenye miwani, aliigeuza kadi, akaiinua kwenye mwanga, kisha akaileta puani.

“Mchaichai,” alisema.

Nikainamisha kichwa.

“Na mpera.” Akavuta daftari kubwa, akaanza kutafuta jina langu kwa kidole. Alipolipata aliniandikia kadi mpya, akaipuliza wino ukauke, akaniinamia dirishani na kushusha sauti ili wa nyuma wasisikie.

“Siku nyingine, baba, ongeza na mkaratusi. Na uvue shati.”