Muulize Anti Breki: Baiskeli na Baridi ya Julai

Kipupwe kimeingia, mlima umejifungia mawinguni tangu wiki iliyopita, na barua za wapenda baiskeli zimejaa mezani. Wanaolalamikia kupanda ni wengi. Wanaouliza kuhusu kushuka ni wachache, nami nina wasiwasi na hali hiyo.

*Anti, shikamoo. Nimejiunga na kikundi cha baiskeli cha Jumamosi. Tulipanda Uru hadi Materuni, nikavaa sweta mbili na koti juu yake. Nilifika nimelowa jasho chapachapa, na wakati wa kushuka nilitetemeka hadi meno yakagongana. Wenzangu wananitania kwamba ni mtu wa pwani. Nifanyeje? – Mtu wa Tanga (kweli kabisa), Pasua*

Marahaba, mwanangu. Nguo ulikuwa nazo, ila ulizivaa wakati usio wake. Anayepanda anajipasha moto mwenyewe. Anayeshuka amekaa tu, upepo unampiga kifuani na lile jasho linampoza. Panda na shati jepesi, sweta uifunge kwenye keria ndani ya kitu kisichopitisha maji (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, kwa hiyo usiseme nimekutuma). Ukifika juu, vaa kabla hujaanza kupiga picha, siyo baada.

Halafu piga hesabu. Mjini tuko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi sita. Alfajiri ya Julai hapa mjini ni nyuzi 15 au 16. Siku mtakayofika lango la Marangu, lililo juu ya mita 1,800, toa sita, kisha ongeza manyunyu. Manyunyu hayo si mkosi wa kikundi chenu. Upepo wa kusi unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unaugonga mlima upande wetu wa kusini, unalazimika kupanda, unapoa, unatulowesha. Upande wa Rongai, huko nyuma, ni pakavu zaidi. Asiyetaka tope ahamie huko.

Jambo la mwisho: chomeka gazeti kifuani kabla ya kushuka. Waendesha baiskeli wa Tour de France wamefanya hivyo miaka mingi, na gazeti huzuia upepo vizuri kuliko koti la bei mbaya. Ukurasa huu uwe upande wa ndani.

*Anti, nilikuwa nashuka Marangu kwenye ukungu nikatumbukia kwenye mfereji uliochimbwa kando ya njia. Rimu imepinda. Nimshtaki nani? – Mwenye Hasira, Himo*

Huo ni mfongo, kaka. Wachaga walikuwa wanamwagilia migomba kwa mifongo kabla mmisionari Rebmann hajapita huku mwaka 1848, kwa hiyo katika ajali hii mgeni ni wewe. Kama uliubomoa ukingo, wenye zamu ya maji ndio watakaokushtaki. Rudi Jumamosi na jembe. Rimu mpelekee fundi.

*Anti Breki, mume wangu huondoka kila Jumapili baada ya misa ya kwanza kwenda Kibosho "mazoezini" na wenzake. Jioni anarudi, baiskeli haina hata tone la tope, yeye ananukia ndizi, na kitambi kiko palepale. Nimwamini? – Mama Wawili, Rau*

Dada yangu, mwamini kwamba alifika. Kutoka mjini hadi Kibosho ni mlima mtupu, na harufu ile haipatikani kwa kukaa nyumbani. Ni mbege: ndizi zilizopikwa, kimea cha ulezi, na magome ya msesewe ya kuitia uchungu. Ukinywa kata moja umekula na umekunywa, na ndiyo maana kitambi hakina habari na mazoezi.

Mimi nimeitazama zaidi hiyo baiskeli safi. Njia za vihambani mwezi huu ni udongo mwekundu na utelezi. Angeteremka kwa kukanyaga angerudi mwekundu hadi magotini. Maana yake alipanda kwa lami, akashuka na Noah, baiskeli ikiwa imefungwa juu. Hapo nampa heko. Mwanamume aliyekunywa kata mbili akakataa mteremko wenye kona anaijali familia yake. Mpikie mtori, na umwambie unajua.

*Shangazi, nakuja nyumbani Desemba kutoka Dar na baiskeli yangu. Nilete sweta? – Mtoto wa Mjini, Kimara*

Desemba lete hela. Sweta ni ya Julai, mwezi ambao hatukuoni.

*Nina miaka 68 na Phoenix yangu ya siku nyingi. Vijana wa kikundi wana baiskeli za mtumba zenye gia 21, wananiacha njia ya Kidia nikisukuma. Juzi kina mama wenye mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani walinipita, wakanipa pole. – Mzee wa Phoenix, Kiboriloni*

Shikamoo, mzee wangu. La kina mama lisikuumize. Ng'ombe wa kihambani hufungiwa zizini na majani yanatoka tambarare, kwa hiyo wale wanaupanda mlima na mzigo mwaka mzima. Hao vijana nao wangepitwa, wakithubutu kusimama.

Kinachonitisha ni breki zako, zile za vyuma virefu zinazobana rimu. Rimu ya chuma ikilowa haishiki. Gusa breki mapema, kidogo kidogo, rimu ijifute maji kabla hujaihitaji. Kwenye kona kali shuka utembee, hata kama kuna mtu anatazama.

Kuhusu kuachwa, dawa ipo. Kaombe kwa upole uwe mtunza vifaa. Pampu, viraka na solusheni vyote vikae kwenye keria yako. Njia ile ina mawe makali, na pancha haitachelewa. Watakusubiri kwenye manyunyu, na wa kwanza kukuamkia atakuwa mwenye gia 21.