Kijani Chenye V8

Novemba 2007, huko Los Angeles, tuzo ya gari la kijani la mwaka, yaani lililo rafiki kwa mazingira, ilikwenda kwa Chevrolet Tahoe Hybrid: viti vinane, injini ya V8 ya lita 6, uzito tani mbili na ushei. Wenye vigari vidogo wakapiga makofi, sijui kwa mkono upi.

Tuwe waungwana, mashine ilikuwa na akili. Ndani ya giaboksi walipachika mota mbili za umeme, na chini ya viti vya katikati betri ya volti 300. Ukiondoka taratibu, injini imelala, umeme unasukuma. Ukikanyaga breki, mota zinageuka jenereta na kurudishia betri nguvu ambayo ingepotea kama joto. Ukiwa barabara kuu bila haraka, silinda nne kati ya nane zinapewa likizo. Mjini, lita moja iliyokuwa ikikupeleka kilomita 6 ikakaribia 9. Si haba! Ila Corolla ya kawaida ilizipita hizo bila betri wala tuzo.

Bei? Dola 50,000 na chenji. Na mtu asije akadhani ni Tahoe ya hivi hivi, neno HYBRID likabandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Wema usioonwa na majirani una faida gani?

Gari hilo likaachwa kutengenezwa mwaka 2013. Siku hizi kuna Toyota Sequoia, nayo hybrid: mota moja katikati ya injini na giaboksi, nguvu za farasi 437. Farasi wote hao wanapeleka mtoto mmoja shule.