Utukufu wa Kutupa

Vitenzi vya heshima vina watetezi wa kutosha. Kupenda kuna washairi wake, kujenga kuna wanasiasa, kusamehe kuna wahubiri. Hiki ninachokisimamia hapa kina vibao tu, tena vya kukikataza: marufuku kutupa taka. Kwa Kiingereza ni throw, kwa Kiswahili ni tupa, kwa Kifipa ni sumba, na katika lugha zote tatu ni kitenzi cha uani, cha maganda ya ndizi na maji yaliyooshewa vyombo. Lakini nikiitazama ramani ya Tanzania sioni Mji wa Penda wala Manispaa ya Samehe. Naona Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, juu kwenye uwanda wa Ufipa, mji ambao jina lake, kama wenyeji wanavyolieleza, ni amri kamili: sumba wanga, tupa uchawi. Neno la pili halimpi shida Mswahili, kwa sababu naye ana mwanga na wanga wake na anajua kuwanga ni nini. Anayeweza kupotea ni mwanafunzi wa baiolojia, akadhani ameamriwa kutupa wanga ulio kwenye ugali, kisha akashangaa kwamba huko huko ndiko malori ya mahindi yanakopakia.

Shitaka la kwanza dhidi ya throw ni kwamba haina kazi maalumu, inadandia kazi za wenzake. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza huambiwa throw ni tupa, akaandika, akaridhika. Haupiti muda anakuta Waingereza wanai-throw sherehe, na wageni wanakula vizuri wala hakuna aliyepelekwa jalalani. Mchezaji aliyeuza mechi ame-throw. Ukiiongezea kijineno kimoja, mtu ametapika. Ukiitangulizia kingine, serikali imepinduliwa. Baya zaidi, kitenzi chenyewe hakikuzaliwa kikirusha kitu. Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka 1000 iliyopita maana yake ilikuwa kusokota na kuzungusha. Ndugu yake wa Kijerumani, drehen, amebaki kwenye kazi hiyo ya ukoo mpaka leo. Wafinyanzi wa Kiingereza nao wameishika maana ya zamani: kwao ku-throw chungu ni kukifinyanga kwenye gurudumu, na ole wake atakayekitupa. Basi, wanasema washitaki, hiki ni kitenzi kilichohama kazi, na sasa kinakubali kibarua chochote. Nami nawauliza wao wanapiga nini. Wanapiga simu, wanapiga pasi, wanapiga mswaki, wanapiga deki, wanapiga kura, wanapiga soga, na siku nzima hakuna aliyeumia. Tupa yetu yenyewe imejaa vibarua. Mshambuliaji katupia mawili, kijana katupia suti, picha za harusi zimetupiwa mtandaoni kabla bibi harusi hajavua shela. Na tukitafuta cheo cha mwisho kabisa cha sifa fulani, hatukichukui ikulu, tunakichukua dampo: mwongo wa kutupwa, mlevi wa kutupwa, mvivu wa kutupwa.

Shitaka la pili ni utovu wa adabu. Kutupa ni dharau, wanasema. Kilichotupwa hakina thamani. Waliosema hivyo hawajaisikia lugha ikitumika sebuleni. Shangazi akimwambia mtoto wa kaka yake, “Mwanangu, umetutupa,” huyo mtoto tayari ameketi kwenye kochi na chai imeshamiminwa. Hakuna jirani asiyependwa aliyewahi kupewa lawama hiyo. Ama kuhusu thamani, Ufipa ni mahali pabaya pa kuleta hoja hiyo. Uwanda ule una nyasi tele na miti michache. Wabemba wa Zambia, wenye misitu, walikata matawi wakayachoma na kulima juu ya majivu. Mfipa hakuwa na matawi ya kuchezea namna hiyo. Akazigeuza nyasi pamoja na udongo wake, akatupia udongo juu, akarundika matuta ya duara yanayoitwa intumba, akaziacha nyasi zioze humo ndani. Baadaye matuta yanatawanywa na ulezi unamwagwa. Kile ambacho mkulima mwingine angekiita magugu ya kutupa, yeye alikitupa kweli, ila alikitupa ndani. Wahunzi wa uwanda huo huo waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo yaliyosimama marefu kuliko mtu, malungu, mpaka kazi hiyo ikafifia katika karne ya 20 mbele ya majembe ya dukani. Majembe yao yamelika na kwisha. Mavi ya chuma waliyoyatupa yangalipo, na ndiyo yanayompa mwanaakiolojia habari za kazi ile. Sizungumzii Mto Kalambo, mpakani na Zambia, ambao unajitupa zaidi ya meta 200 kwenda chini, na watu hutoa kiingilio kuutazama.

Pingamizi zito linatoka kwa watu ambao wengi wao hawajafika Sumbawanga. Kibao cha kukataza kukojoa, wanasema, huwekwa kwenye ukuta unaokojolewa. Hakuna anayeamriwa kutupa asichonacho. Mji uliojiita Tupa-uchawi, basi, umejiandikia wenyewe maelezo ya onyo polisi. Ndiyo maana mtumishi akipangiwa kituo cha kazi huko huagwa kwa utani wa radi na ungo. Hoja hii ina akili, sikatai, lakini inathibitisha mengi kuliko inavyotaka. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi kwa Tanganyika nzima, na nchi huru ikairithi. Kama kukataza ni kukiri, basi tulikiri wote, kuanzia pwani mpaka ziwani. Wengine tuliliacha katazo letu kwenye kabati la wanasheria. Wafipa wakalibeba kwenye jina, likaandikwa mbele ya kila basi. Wala hawakuishia kwenye jina. Katika miaka ya 1930 vuguvugu la mchape, lililoanzia Nyasaland, lilifika Ufipa, na katika miaka ya 1960 likaja kamchape, ambalo Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti wake huko, aliliandikia makala mwaka 1968. Watu walitakiwa kusalimisha dawa na pembe zao ili kijiji kianze upya. Mpinzani atacheka: kama kutupa kunafaa, mbona kulirudiwa? Kwa hoja hiyo hiyo ufagio ni chombo kisichofaa, maana kesho uwanja utafagiliwa tena.

Hapa lakini msifu mwaminifu hupunguza sauti. Harakati za namna hiyo hazikuishia kwenye pembe. Zilinyoosha kidole kwa watu, na kidole kikishanyooshwa, kinachotupwa si uchawi tena, ni mtu, mara nyingi mzee, mara nyingi mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Tanzania bado inawazika wazee waliouawa kwa tuhuma hizo. Hilo silipunguzi hata kidogo. Nasema tu kwamba kitenzi hakihusiki: mtu alibadilisha shamirisho, akachomoa wanga, akachomeka jirani yake, kisha akalipa kosa lile jina la amri.

Na kuna kosa jingine, dogo kwa herufi, ambalo ndilo limeuharibia mji ule sifa. Tupa husema kwamba mkono umefunguka. Haisemi kitu kimeangukia wapi. Itie kiambishi kimoja, iwe tupia, na papo hapo pana mlengwa: fulani katupiwa jini, fulani katupiwa lawama. Nchi nzima inalisoma jina la Sumbawanga kana kwamba lina kiambishi hicho, kana kwamba ni Tupia-uchawi na msomaji ndiye mlengwa. Halina. Sumba limesimama uchi, halina kwa nani wala kwa ajili ya nani. Throw maskini haina hata uwezo wa kukosea namna hii. Haibadiliki umbo kwa ajili ya mlengwa, inategemea vijineno vinavyoifuata nyuma, at cha kulenga, to cha kupokewa, away cha kuondosha, na mwenye haraka akikosea kijineno haijulikani kama anampa mwenzake mpira au anampiga nao. Sisi mambo hayo tunayamaliza tumboni mwa neno. Tukitaka kitu kiende kisirudi, tunatia viambishi viwili, tupilia, na bado hatuamini, tunaongeza mbali.

Usemi huo wa viambishi viwili ni kipenzi cha waandishi wa habari za mahakama, na Mahakama Kuu ina kanda yake Sumbawanga. Kwa hiyo katika mji ulioamriwa kutupa, rufaa hutupiliwa mbali, na hukumu husomwa kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Aliyeshindwa hukusanya makaratasi yake, akamuuliza wakili gharama, na kabla ya jioni wameanza kuandaa notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani.